Mshika Mkono wa Punda

Jumamosi, Machi 1

Mvua za msimu zimeanza leo, na kwa ukorofi wake zimechagua siku ya mkutano. Nimembeba Punda ndani ya mfuko wa plastiki hadi ukumbini, mdogo wangu nyuma yangu amekikinga kichwa cha Punda kwa mwavuli huku yeye mwenyewe akiloa chapachapa. Nimemwambia kichwa chake cha kuzaliwa nacho kinaweza kupata mafua. Amecheka tu.

Sisi ni watu wa manyoya. Nasema sisi, ingawa mimi sivai. Kila Jumamosi watu wazima wenye kazi na familia zao wanapanda ngazi za ukumbi ulio juu ya duka la matairi, wanaingia chumba cha kubadilishia nguo na kutoka wakiwa wanyama. Kobe, mwenyekiti wetu, ni mpima ardhi. Bundi anafundisha hesabu. Mdogo wangu ni dobi wa hospitali, na yeye ni Punda. Wanacheza muziki, wanakunywa soda kwa mrija, wanarudi makwao. Hakuna zaidi ya hapo, ingawa watu wa nje wakisikia huanza kukonyezana.

Sheria zao ni chache. Ukishavaa kichwa husemi neno, hata ukikanyagwa. Na kwa kuwa mvaaji huona mbele tu, kupitia kitambaa cha wavu kilichoshonwa mdomoni mwa mnyama, kila mmoja ana mshika mkono wake wa kumwambia ngazi ziko wapi na kumsemea kwa watu. Mkono ukiminywa maana yake ni basi, tuondoke. Mshika mkono havai, na haachii mkono.

Mimi ni mshika mkono wa Punda. Ndimi pia niliyemshona, kwa mabaki ya kitambaa cha blanketi na uvumilivu wa ukoo mzima. Mdogo wangu ana kigugumizi kibaya. Baada ya mama yetu kufariki alikaa chumbani mwaka mzima, anatoka kwenda kazini na kurudi, basi. Punda ndiye aliyemtoa. Mahali ambapo hakuna anayesema, yeye ni sawa na wengine, tena ni zaidi yao, maana ana ile tabia yake: akiona mtu amenyong'onyea humwekea ukwato kichwani na kuuacha hapo mpaka mtu mwenyewe autoe. Alianza kwangu, siku niliyopata barua ya talaka. Nilikuwa nalia juu ya cherehani na yeye alikuwa anajaribu vazi. Sasa ukumbi mzima humngojea kwa hilo. Hata watoto wa wodi ya hospitali yao anawatembelea kila mwisho wa mwezi, kwa ruhusa ya muuguzi mkuu.

Leo Kobe, kwa mdomo wa mshika mkono wake, ametangaza kwamba watu wa televisheni, wale wa tamthilia ya Inspekta ya kila Jumapili, wanataka kutengeneza kipindi kinachohusu kundi kama letu. Bundi hakutaka. Wengine walitikisa vichwa huku na huku. Nikatazama upande wangu, Punda amenyoosha ukwato juu, wa kwanza kabisa.

Njiani kurudi ameniambia, "D-dada, wa-watatuona vile tulivyo."

Jumanne, Machi 4

Mvua. Mkia wa Punda haujakauka.

Jumapili, Machi 9

Mwongozaji wa kipindi amekuja nyumbani. Nilimtarajia mtu wa miwani myeusi na majivuno, kumbe ni kijana mpole, amevua viatu mlangoni bila kuambiwa na kusifia chai yangu, ambayo najua ilikuwa ya jana. Amekaa na mdogo wangu tangu mchana mpaka jioni, akimuuliza ya kazini, ya mama, ya Punda.

Nimempenda kwa kitu kimoja. Watu wote humkatiza mdogo wangu. Wanammalizia maneno, mimi nikiwa wa kwanza, kwa kudhani tunamsaidia. Huyu alisubiri. Neno likikwama, anamtazama tu mdomoni kwa utulivu mpaka litoke. Sijawahi kuona mtu akimsikiliza hivyo, na nilijificha jikoni nisije nikatoa machozi mbele ya mgeni.

"Punda akimkuta mtu amelala chini, ameumia, atafanya nini?" akauliza.

Mdogo wangu aliinuka akamwekea mkono kichwani.

Mwongozaji akaweka kikombe chini. "Hicho hicho," akasema. "Punda ndiye atakuwa moyo wa kipindi."

Jumatano, Machi 12

Sare za shule, kola na vifungo siku nzima. Mdogo wangu amewaalika wenzake wa dobini waje kutazama siku ya kipindi. Yeye, ambaye hajawahi kumwalika mtu hata kwenye kikombe cha maji.

Jumamosi, Machi 15

Siku ya kupiga picha. Wamekodi jengo la ofisi lililohamwa, korido ndefu, taa moja mbovu imeachwa ipepese makusudi. Mvua ilikuwa inagonga bati hata mtu wa sauti akawa anatukana mbingu.

Nilimvalisha Punda, nikamfunga zipu, nikamshika mkono. Mwongozaji akaja na tabasamu lake. "Dada, utaniwia radhi, kivuli chako kinaingia kwenye picha. Muachie kidogo tu."

Nikamweleza kuwa hatuachii. Akasema korido imenyooka, sakafu ni sawa, hakuna ngazi, na mtu atatembea mbele yake. "Unadhani nitamwangusha moyo wangu wa kipindi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikauminya mkono wa Punda kumuuliza, naye hakuuminya wa kwangu. Nikauachia. Papo hapo mama wa mavazi akaja mbio, bawa la Bundi limechanika, hakuna mwingine anayeweza kulishona bila kuonekana. Nikaenda. Kusifiwa kidogo tu, na mimi huyo.

Niliporudi walikuwa wanapiga makofi. Punda amepiga magoti kwenye korido, mwigizaji wa kike amelala mbele yake, ukwato uko kichwani mwa yule dada. Kisha dada akainuka akiomba kitambaa, ana rangi nyekundu shingoni.

"Hiyo damu?" nikamuuliza mwongozaji.

"Alikuwa ameshaumia kabla Punda hajafika."

Nilipomvua mdogo wangu kichwa, jasho lilimtiririka na macho yanang'aa. Amesema kwenye ukwato mmoja walimbandika kitu kwa utepe wa gundi, wakamwambia ni cha kunasa sauti. Hakukiona, maana mvaaji haoni chini ya kifua chake. Walikuwa wameshakibandua.

"Wa-wamenipigia ma-makofi, dada," akasema. Kisha akarudia.

Jumapili, Machi 16

Mvua. Nimefua kwato kwa sabuni ya kipande, kwa chumvi, kwa dawa ya madoa aliyoniletea kutoka kazini. Wekundu umebaki kama kutu. Yeye anapiga mluzi bafuni.

Alhamisi, Machi 27

Mvua. Ukuta wa chumba changu umeanza kutoa madoa ya kijani. Punda ananing'inia juu ya jiko la mkaa kama mshukiwa, na bado makwapa yake ni mabichi.

Jumatatu, Aprili 7

Matangazo ya kipindi yameanza. Yanaonyesha korido na kwato tu zikitembea. Mama wa ghorofa ya chini, ambaye huniazima pasi na kusahau kwamba ni yangu, amepanda kuuliza kama ni kweli. Nikamjibu ni kweli, tena aje na viti vyake. Nimetangaza jengo zima. Mdomo wangu umekuwa redio.

Jumapili, Aprili 13

Nimengoja wageni wote waondoke ndipo nikaandika.

Sebule ilijaa. Wenzake wawili wa dobini, Mama wa chini na mumewe, Kobe na Bundi bila mavazi yao, wamevaa kama watu waendao kanisani. Mdogo wangu alivaa shati nililomshonea yeye akaliweka kwa ajili ya siku kubwa. Alikaa mbele kabisa, magoti karibu na kioo.

Mwanzoni tulicheka. Inspekta alisimama mbele ya ukumbi wa wanyama akatafuna kijiti chake na kusema, "Hapa namkamata nani, mwizi au mbuzi?" Hata Kobe alitabasamu. Kisha ikaja korido, muziki wa polepole, taa ikipepesa. Punda anakuja. Kamera ikashuka chini kwenye ukwato wake, na chini ya ukwato kuna kisu.

Nilisikia pumzi ya Bundi. Dada wa watu amelala, ana damu shingoni, na Punda anapiga magoti, anamwekea ukwato kichwani kwa ule upole wake, na kuuacha hapo. Ilikuwa picha nzuri, hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi. Alikuwa mzuri sana.

Wakamrudia tena. Kila maiti iliyopatikana, picha ile ile, ukwato kichwani. Inspekta akasema, "Anawatuliza kwanza. Ndivyo anavyoua." Mama wa chini akavuta kiti chake nyuma. Alivuta kidogo tu, lakini miguu ya kiti ililia kwenye sakafu na sote tulisikia.

Nilidhani limeisha. Mwisho Inspekta akamkamata Punda na kumvua kichwa. Ndani yuko mwigizaji mwingine, mtu mzima, jasho jingi. Akaulizwa kwa nini aliua. Akafungua mdomo, neno likakwama. Shingo ikakaza upande wa kushoto, jicho moja likafumba, midomo ikatetemeka, na neno likatoka limevunjika mara tatu. Si kigugumizi cha mtu yeyote tu. Ni cha mdogo wangu. Ile shingo, lile jicho. Wamemnakili kama mimi ninavyonakili vipimo.

Ndiyo maana yule mwongozaji alisubiri. Alikuwa anatazama mdomo.

Mmoja wa wale wa dobini akacheka, kisha akageuza kicheko kikawa kikohozi. Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Kobe aliniaga mimi. Mumewe Mama wa chini akaniambia, "Haya, igizo tu hilo, shemeji," naye si shemeji yangu.

Mdogo wangu alibaki ameketi mbele ya kioo, matangazo ya sabuni yakipita. Hajawahi kumwona Punda akitembea. Hatuna hata picha moja ya video, kwa heshima ya wavaaji wengine. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kumwona kwa nje.

Jumatatu, Aprili 14

Mvua. Ameenda kazini.

Alhamisi, Aprili 17

Muuguzi mkuu amemwita pembeni. Watoto kadhaa wa wodi walitazama, na mmoja anakataa kulala. Punda asije tena. Alimwambia kwa upole na kumpa chungwa. Ameniletea mimi lile chungwa. Habari zenyewe nimezipata kwa mwenzake niliyekutana naye sokoni, maana mdogo wangu ameanza kujibu kwa kichwa tu, ndiyo au hapana.

Jumamosi, Aprili 19

Nilimsihi asiende ukumbini. Akavaa, akanipa mkono.

Mlangoni pa ngazi, watu wa duka la matairi waliwekeana spana vichwani, mmoja baada ya mwingine, wakaanguka chini kwa maonyesho. Juu kulikuwa na watu nusu ya kawaida. Kobe alikaa bila kichwa chake, mkononi ana glasi, na hiyo peke yake ilinitosha kuelewa.

"Si wewe, ndugu yetu," alisema. "Ni Punda. Mwenye ukumbi ametishia kutufukuza. Wengine wamehojiwa makazini mwao. Tunaomba Punda apumzike mpaka watu wasahau. Na ile ya kuweka mkono kichwani, tumekubaliana, asiifanye mtu yeyote tena humu."

"Mlikuwepo siku ile," nikasema. "Kobe, wewe uliwaleta."

"Niliwaleta. Nami napoteza kazi pia."

Macho yake yalikuwa mekundu. Huyu ndiye niliyemwona mwoga mwezi mzima uliopita, kwa vile anavyofuta kiti kabla ya kukaa. Leo nimeona ni mtu aliyechoka kama mimi.

Akasema, kama desturi inavyotaka, "Mshika mkono, Punda anasemaje?"

Mdogo wangu alikuwa amevaa kichwa, hakuruhusiwa kusema. Mimi ndiye mdomo wake. Nikafungua kinywa niwape zao, nilikuwa nazo za kutosha ukumbi mzima na za kubeba nyumbani. Kabla sijaanza, mkono wangu ukaminywa. Basi. Tuondoke.

Nikasema, "Punda anasema amesikia."

Tulipokuwa tunatoka, Bundi alikuwa amesimama karibu na mlango akilia. Punda akasita mbele yake. Niliona ukwato ukiinuka mpaka usawa wa kifua, kisha ukashuka.

Jumatano, Aprili 23

Nimempigia simu mwongozaji. Alifurahi kunisikia, kwa kweli alifurahi. Kipindi kimependwa kuliko vyote.

"Ulimwambia Punda ni moyo wa kipindi."

"Na ndiye. Hakuna anayemkumbuka Inspekta, wote wanamzungumzia Punda."

"Na kigugumizi?"

"Dada, sijawahi kumsikiliza mtu kama nilivyomsikiliza mdogo wako. Nilitaka kitu cha kweli."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Hayakunisaidia. Alisubiri mpaka nikamaliza, kama kawaida yake.

Jumapili, Aprili 27

Mvua. Kipindi kimerudiwa.

Ijumaa, Mei 2

Ameomba kuhamishiwa chumba cha mashine za kukaushia, ambako kelele ni nyingi na hakuna anayezungumza. Nyumbani anakula amesimama jikoni, anaosha sahani yake, anaingia chumbani. Mlango haufungi kwa hasira. Anaufunga kwa kuushika kitasa, taratibu, usinisumbue. Heri angeubamiza.

Nimepita nje ya mlango huo leo nikasema upuuzi wangu wote, ya wateja, ya Mama wa chini na pasi yangu. Kimya. Ni kama ule mwaka baada ya mama, ila wakati ule nilikuwa na kitu cha kumshonea.

Jumanne, Mei 6

Mvua. Kichwa cha Punda kimeota ukungu ndani ya sikio. Nimeusugua kwa siki, umerudi.

Jumamosi, Mei 10

Amekuja mezani pangu mchana, nikiwa kwenye cherehani. Ameweka vazi lote mbele yangu, limekunjwa vizuri kama shuka za hospitali, kichwa juu.

"Fumua," amesema.

Halikukwama hata kidogo. Neno la kwanza baada ya siku nyingi, na limetoka limenyooka. Kisha akarudi chumbani.

Nimekaa na kifumulio mkononi muda mrefu. Nimekata mshono wa mkia, wa mgongo, wa miguu. Mikono nimeiacha. Kichwa nimekishika kwenye mapaja, na kwa mara ya kwanza tangu nikishone nimekivaa. Mshika mkono havai, lakini sheria za nani tena hizo.

Ndani kuna harufu yake na ya ukungu. Nilikuwa najua kwamba haoni, mimi mwenyewe ndiye niliyekata lile tundu. Kujua si kitu. Nilitazama mbele nikaona kipande cha ukuta, basi. Meza imepotea, mapaja yangu yamepotea, mikono yangu mwenyewe sijui iko wapi. Humu ndimo alimokuwa nilipomwachia mkono, kwa kuwa nilicheka. Nililia humo ndani na hakuna mahali pa kufutia machozi.

Nikavaa na mikono ya Punda. Sijui nilichofikiri. Nilifikiri kwamba kila mtu amewahi kuwekewa ule mkono isipokuwa yeye.

Nimejigonga kwenye meza, nimejigonga kwenye mlango, hakuna wa kuniambia kushoto. Nimefungua. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama. Nikaenda polepole mpaka goti langu likagusa kitanda, nikanyoosha ukwato nimwekee kichwani.

Akainua mikono yote miwili akakifunika kichwa chake.

Nikasema, humo ndani, "Ni mimi. Ni dada."

"Na-najua," akasema.

Lakini hakuishusha mikono.

Jumapili, Mei 11

Nimemaliza kufumua.

Jumatano, Mei 21

Jua tangu asubuhi, anga nyeupe, barabara inatoa mvuke. Jengo zima limetoka na vitu vyake. Mama wa chini ameanika magodoro na mapazia, na ameniita kutoka uani kwamba kamba yake ina nafasi, nilete zangu. Nimemshukuru. Nimemwambia mwaka huu sina cha kuanika.